Tarihi ya Ufalme Usiokuwepo

Ganon ameshafungwa, giza limeingia, na watu wa Hyrule wamekusanyika kwenye shamba la Lon Lon kusherehekea. Malon, binti wa shamba, anaimba. Wengine wanacheza. Pembeni, mfalme wa Wazora na Mido, yule kijana wa msituni, wamekaa chini kimya. Aliyewakomboa hayupo. Zelda amekwisha kumpulizia filimbi na kumrudisha miaka saba nyuma, akaishi utoto aliopokonywa na vita. Kisha, baada ya majina ya waliotengeneza gemu kupita, tunamwona: ni mtoto tena, anaingia katika ua wa kasri, na bintimfalme, naye mtoto, anageuka kutoka dirishani na kumtazama. Picha inaganda hapo hapo.

Ndivyo inavyokwisha Ocarina of Time, gemu iliyotolewa na Nintendo huko Japani tarehe 21 Novemba 1998. Wengi walizima mashine wakaenda kulala. Lakini wapo waliobaki na swali ambalo halikuwaacha. Mtoto yule anayajua yote yatakayotokea. Akimwonya Zelda, Ganondorf, yule atakayekuwa Ganon, hatapata nafasi ya kuipindua nchi, na nchi isipopinduliwa hakuna cha kukombolewa. Sasa karamu ile ya Lon Lon ilifanyika wapi? Maana ilifanyika, tumeiona kwa macho yetu. Wale waliokuwa wakicheza usiku ule walifutika mara filimbi ilipolia, au waliendelea na maisha yao katika Hyrule iliyobaki bila shujaa?

Swali hilo moja liliwapa mashabiki kazi ya miaka mingi, na kazi hiyo ninaiheshimu sana. Waliifanya kama wanahistoria wanavyofanya: kwa vipande, kwa majina, kwa sanamu na nyimbo, wakilinganisha shahidi mmoja na mwingine.

Mwanzoni hapakuwa na historia yoyote ya kupanga. The Legend of Zelda ilitoka tarehe 21 Februari 1986 kwa ajili ya mashine ya Famicom Disk System. Walioibuni ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Miyamoto alikulia Sonobe, karibu na Kyoto, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyozurura vilimani utotoni, akakuta pango, na siku nyingine akarudi na taa kuliingia. Hisia ya mtoto mbele ya mdomo wa pango ndiyo aliyotaka kuitia ndani ya gemu. Jina la Zelda lilitokana na Zelda Fitzgerald, mke wa mwandishi wa Marekani F. Scott Fitzgerald. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: Ganon ameiba Triforce ya Nguvu, bintimfalme ameivunja Triforce ya Hekima vipande vinane na kuvificha, na kijana aitwaye Link anatumwa kuvitafuta.

Mwaka uliofuata ikaja Zelda II, na humo ndimo mbegu ya kwanza ilimoangukia. Link ni yule yule, sasa ana miaka 16. Impa, mlezi wa bintimfalme, anampeleka kwenye kasri la kaskazini, na juu ya kitanda cha mawe amelala mwanamke aliyelogwa zamani sana. Naye anaitwa Zelda. Kaka yake, mwana wa mfalme, ndiye aliyekuwa chanzo cha balaa lililompata, na kwa majuto aliamuru kwamba kila mtoto wa kike atakayezaliwa katika ukoo wa kifalme aitwe Zelda. Basi hapo ghafla ufalme ukapata vizazi. Kulikuwa na Zelda kabla ya Zelda, na jina likawa ni urithi.

Gemu ya tatu, A Link to the Past ya mwaka 1991, ilirudi nyuma zaidi. Boksi lililouzwa Marekani mwaka 1992 lilieleza kwamba Link na Zelda wa humo ni watangulizi wa wale wa awali. Ndani yake kulikuwa na simulizi ya vita vya kale, Vita vya Kufungia: mwizi aitwaye Ganondorf aliingia Nchi Takatifu akaishika Triforce, uovu ukamwagika nje, na wahenga saba wakalifunga lango huku mashujaa wa Hyrule wakifa mmoja mmoja kuwakinga. Ulitafutwa mtu wa kuushika Upanga Mkuu. Hakupatikana.

Tushike neno hilo, hakupatikana. Litarudi baada ya miaka 20.

Ocarina of Time ilipotengenezwa, waandishi wake walikusudia kuonyesha chanzo cha vita vile. Ganondorf yumo, akiwa bado binadamu. Wahenga saba wamo, na majina yao yaliwafanya wachezaji wa zamani washtuke: Rauru, Saria, Darunia, Ruto, Nabooru. Yote hayo yalikuwa majina ya miji katika Zelda II. Kwa mtazamo wa historia ya Hyrule, miji ilipewa majina ya wahenga kwa heshima, kama sisi tunavyompa mjukuu jina la babu yake. Kwa mtazamo wa watengenezaji kule Kyoto ilikuwa kinyume, mjukuu alizaliwa mwaka 1987 na babu akapewa jina lake mwaka 1998. Napenda jambo hili kuliko karibu yote mengine katika habari hii. Linaonyesha jinsi watengenezaji walivyokuwa wakifanya: walichukua neno lililokuwa limelala ndani ya kazi ya zamani, wakalitafutia asili. Wachezaji waliliona, na wakajifunza kwamba hakuna jina la kupuuzwa.

Ila simulizi mbili hazikulingana. Katika Vita vya Kufungia hapakuwa na shujaa. Katika Ocarina shujaa yupo, na anashinda. Katika simulizi ya kale Ganondorf aliipata Triforce nzima. Katika Ocarina inampasukia mikononi ikawa sehemu tatu. Miyamoto mwenyewe aliongeza utata. Mwaka huo huo wa 1998 alilipa jarida la Nintendo Power mpangilio wake: kwanza Ocarina, kisha gemu ya 1986, kisha Zelda II, na mwisho A Link to the Past. Mpangilio huo ulipingana na maneno ya boksi la kampuni yake mwenyewe. Msomaji aliyezoea tarihi za pwani yetu, ambazo nakala moja humtanguliza sultani huyu na nyingine yule, atautambua mgogoro huu mara moja. Ukiwa na mashahidi wawili wanaopingana, na mmoja wao ndiye mwenye nyumba, unamwamini nani?

Mashabiki waligawanyika. Kundi moja lilishikilia kwamba wakati wa Hyrule ni mstari mmoja, gemu moja baada ya nyingine, na penye mgongano tuseme wasimulizi wamesahau. Kundi la pili lilirudi kwenye karamu ya Lon Lon. Hawa walisema Zelda alipopuliza filimbi, wakati uligawanyika. Mkondo mmoja uliendelea na watu wazima waliobaki bila shujaa wao. Mwingine ukaanza upya na mtoto katika ua wa kasri. Nadharia hiyo ikajulikana kuwa ya mikondo miwili, na waliokuwa hawaipendi walisema ni hila ya kukwepa kufikiri.

Tarehe 13 Desemba 2002 ikatoka The Wind Waker, ikiongozwa na Eiji Aonuma. Inaanza kwa hekaya: hapo zamani palikuwa na ufalme, uovu ukauvamia, akaja kijana wa mavazi ya kijani akaushinda, akaitwa Shujaa wa Wakati. Siku moja uovu ukarudi. Watu waliamini kwamba shujaa atatokea tena, wakangoja. Hakutokea. Sasa ufalme haupo. Kuna bahari tupu na visiwa vilivyotawanyika, na kijana Link anavishwa nguo za kijani siku ya kuzaliwa kwake kwa sababu tu ni desturi ambayo maana yake imesahaulika nusu.

Katikati ya gemu unashuka chini ya bahari. Kasri la Hyrule limesimama huko, limepoteza rangi, wanyama wa Ganon wameganda kila mmoja katika hatua aliyokuwa nayo. Ukumbini kuna sanamu ya Shujaa wa Wakati. Sakafuni kuna vitalu vitatu vya pembetatu. Ukivisukuma mahali pake sanamu inasogea na ngazi inatokea. Chini kabisa upo Upanga Mkuu, na kuuzunguka kuna madirisha ya vioo vya rangi. Aliyecheza Ocarina anazitambua sura zilizochorwa humo. Ni Saria. Ni Darunia. Ni Ruto. Ni rafiki zake wa mwaka 1998, wamekuwa watakatifu wa dirishani.

Kwa watu wa nadharia ya mikondo miwili, chumba kile kilikuwa hati yenye muhuri. Hawa ni wajukuu wa wale wa karamu. Wanamkumbuka shujaa mtu mzima aliyempiga Ganon kisha akatoweka, na sababu ya kutotokea tena inajulikana: alirudishwa utotoni, akaenda na mkondo mwingine. Watu wale walimngoja mtu ambaye bintimfalme wao mwenyewe, kwa huruma, alikuwa amemwondoa. Ukilitazama hivyo, hekaya ya mwanzo wa gemu inauma zaidi. Aonuma naye alisema kwenye mahojiano kwamba Ocarina ina miisho miwili, na kwamba The Wind Waker inafuata ule wa Link mtu mzima, takriban miaka mia moja baadaye.

Mwaka 2003 Miyamoto aliliambia jarida la Sweden, Super Play, kwamba wanayo hati kubwa inayoeleza jinsi gemu zinavyohusiana, lakini kwao si jambo muhimu sana. Wanajali zaidi jinsi gemu inavyochezwa. Mashabiki walisikia nusu ya kwanza ya jibu hilo. Hati ipo!

Upande wa mtoto ulijibiwa na Twilight Princess, mwishoni mwa 2006. Katika jangwa la Wagerudo kuna magereza ya kale, na juu yake uwanja wenye kioo kikubwa. Hapo tunaonyeshwa hukumu ya Ganondorf. Amefungwa minyororo, wahenga wanamchoma upanga kifuani, lakini hafi. Anakata mnyororo, anamuua mmoja wao, na waliobaki wanamtupa katika nchi ya machweo kupitia kile kioo. Huyu ni Ganondorf ambaye hakuwahi kukalia kiti cha enzi. Alikamatwa kabla. Kuna mtu alisema mapema, na mtu huyo ni mtoto aliyeingia uani. Aonuma alithibitisha kwa jarida la Kijapani la Nintendo Dream kwamba gemu hii na The Wind Waker zimekwenda sambamba, kila moja upande wake.

Katika gemu hiyo hiyo kuna kazi moja ya mashabiki ambayo naiona kuwa bora kuliko zote. Mara kwa mara Link anakutana na mzimu wa askari, mifupa mitupu ndani ya silaha zilizochakaa, anayemfundisha mbinu za upanga. Hatajwi jina. Anasema tu kwamba zamani alikuwa shujaa na kwamba hakuweza kuwarithisha waliomfuata mafunzo yake. Ili kumwita, Link akiwa mbwamwitu lazima alie mbele ya jiwe lenye tundu, akiiga wimbo ambao jiwe linautoa. Wachezaji walisikiliza. Baadhi ya nyimbo hizo zilitoka Ocarina, na mmoja ulikuwa Song of Healing, ambao ulifundishwa katika Majora's Mask ya mwaka 2000, gemu ambayo mtoto Link aliyerudishwa anapotelea katika nchi ya Termina akimtafuta rafiki yake.

Basi wakauliza: ni nani Hyrule angeujua wimbo wa Termina? Mtu mmoja tu alikwenda na kurudi. Na ni shujaa gani angekufa na kinyongo cha kutojulikana? Yule aliyeikomboa nchi katika wakati ambao wenzake hawakuuishi. Mzimu ni Link wa Ocarina. Hilo lilisemwa na wachezaji, likapingwa, likatetewa, na miaka mitano baadaye kitabu cha Nintendo kikalithibitisha.

Ilinganishe na nadharia nyingine iliyopata umaarufu mkubwa kuliko hiyo, kwamba katika Majora's Mask Link amekwisha kufa. Wenye kuieneza walichukua hatua tano za majonzi za daktari Elisabeth Kübler-Ross wakazigawa kwa maeneo matano ya Termina: wakazi wa mji wa Saa wanaukana mwezi unaowaangukia, mfalme wa kinamasi ana hasira, na kuendelea hadi bonde la Ikana. Inavutia, na inamfanya mtu aitazame gemu kwa makini zaidi, hiyo naikubali. Lakini ushahidi wake unatoka nje, kwenye kitabu cha udaktari cha mwaka 1969, ukabandikwa juu. Hakuna ndani ya gemu mtu, jiwe wala wimbo unaoudai. Tena Link aliyekufa Termina hawezi kukua, kuzeeka na kuwa mzimu wa kufundisha upanga.

Mikondo miwili ilipokubalika, likabaki tatizo la gemu za zamani. A Link to the Past, ile ya 1986, Zelda II: zikae upande upi? Mkondo wa watu wazima umezama baharini, na mwisho wake Link na wenzake wanatafuta nchi mpya. Mkondo wa mtoto haukuwa na vita vya wahenga. Wapo waliozisukuma upande wa mtoto kwa hoja ya mkuki. Ganon wa A Link to the Past anapigana kwa mkuki wa meno matatu, na Four Swords Adventures ya mwaka 2004 inaonyesha Ganondorf akiuiba mkuki huo na kugeuka kuwa Ganon. Kwa hiyo hii itangulie ile. Ilikuwa hoja nzuri, yenye kitu cha kushika mkononi, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na nguvu.

Novemba 2011, wakati mfululizo ukitimiza miaka 25, ilitoka Skyward Sword, hadithi ya mwanzo kabisa: watu wanaishi juu ya mawingu, Upanga Mkuu unafuliwa, na mfalme wa mashetani, Demise, anapokufa anaapa kwamba chuki yake itazaliwa upya na kuwaandama wenye damu ya bintimfalme na roho ya shujaa daima. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Desemba, shirika la Shogakukan likachapisha kitabu Hyrule Historia. Toleo la Kiingereza lilikuja Januari 2013, lakini nani angengoja? Mashabiki wanaojua Kijapani walizitafsiri kurasa za mpangilio wa nyakati wenyewe, na ndani ya siku chache mchoro ule ulikuwa umezunguka dunia.

Mkondo wa watu wazima ulikuwepo. Mkondo wa mtoto ulikuwepo. Halafu kulikuwa na wa tatu.

Katika mkondo huo wa tatu, Link wa Ocarina anashindwa. Anapigana na Ganon na kuuawa, Ganon anaikusanya Triforce nzima, na wahenga wanamfungia kama njia ya mwisho. Hapo ndipo zilipowekwa A Link to the Past, The Legend of Zelda ya 1986, na gemu nyingine za zamani. Four Swords Adventures ikapelekwa mwisho wa mkondo wa mtoto, na hoja ya mkuki ikavunjika.

Wengi walikasirika. Walisema Link anaweza kufa katika gemu yoyote, katika pango lolote, hata kwa kuanguka shimoni. Kwa nini kifo hiki kimoja tu kipasue wakati? Mikondo miwili ya mwanzo ilikuwa na sababu inayoonekana, filimbi iliyopulizwa. Huu wa tatu umetoka wapi? Pingamizi hilo ni la haki, na kitabu hakikulijibu. Wengine walijaribu kulijibu kwa niaba yake, wakasema huenda mkondo wa tatu ndio wa asili, yaani hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kabla ya mkono fulani, pengine ombi la Triforce, kuyageuza.

Hata hivyo rudi kwenye neno lile. Ulitafutwa mtu wa kuushika Upanga Mkuu, hakupatikana. Triforce nzima mikononi mwa Ganon. Mashujaa wanakufa mlangoni. Simulizi ya mwaka 1991 ilikuwa inaeleza Hyrule iliyoshindwa, na kwa miaka 13 watu walihangaika kuilinganisha na gemu ya ushindi. Mkondo wa tatu unaziacha simulizi zote mbili ziwe kweli bila kurekebisha neno. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi ingawa njia haikuelezwa. Zaidi ya hapo, unazipa gemu za kwanza uzito ambao hazikuwa nao. Hyrule ya 1986, yenye watu wanaojificha mapangoni na wazee wanaogawa panga gizani, inaonekana sasa kama nchi iliyoporomoka vizazi kwa vizazi tangu siku kijana mmoja alipoanguka.

Kitabu kile kile kilitahadharisha kwamba kinakusanya yale yanayosadikika kwa sasa. Haikuwa adabu tu. Machapisho ya baadaye yalihamisha Link's Awakening ikatangulia gemu mbili za Oracle, na watu waliokuwa wamekariri mpangilio wakalazimika kufuta.

Tarehe 3 Machi 2017 ikaja Breath of the Wild, na pamoja nayo chumvi. Ukivunja mawe milimani unapata chumvi ya mwamba, na maelezo yake yanasema imetokana na bahari ya kale. Ni kiungo cha mchuzi tu. Lakini aliyecheza The Wind Waker akisoma maelezo hayo anasimama palepale na kijiko mkononi. Bahari gani hiyo? Kuna Wakoroki, viumbe vya miti waliotokea kwanza katika ile Hyrule iliyofurika. Kuna Warito wenye mabawa, ambao kwenye mkondo wa bahari ni kizazi cha Wazora, na hapa wanaishi pamoja na Wazora wenyewe. Funua ramani: kuna kisiwa kiitwacho Linebeck, jina la nahodha wa Phantom Hourglass, kutoka mkondo wa bahari. Jangwani kuna Arbiter's Grounds, yale magereza ya Twilight Princess, kutoka mkondo wa mtoto. Kuna magofu ya kijiji cha Mabe, jina la kijiji cha Link's Awakening, kutoka mkondo wa tatu. Matawi yote matatu yako juu ya karatasi moja. Na Zelda, anapombariki Link katika kumbukumbu ya kwanza, anataja anga, wakati na machweo katika sentensi moja.

Nadharia zilizozuka ni nyingi. Kubwa ni mbili. Moja inasema mikondo imekutana tena, kama mito inavyoingia bahari moja. Nyingine inasema umbali wenyewe ndio jibu: gemu inataja matukio ya miaka 10,000 iliyopita kuwa ni ya kale, na katika muda mrefu hivyo kila mkondo ungeweza kuona mafuriko, ukame, na watu kupewa majina ya mababu tena. Mimi naelekea kwenye hii ya pili, kwa kuwa haihitaji muujiza ambao hakuna shahidi aliyeuona. Mwaka 2018 tovuti ya Nintendo ya Japani iliiweka Breath of the Wild mwisho wa yote, bila kuiunganisha na tawi. Aonuma na wenzake walieleza katika kitabu cha gemu hiyo kwamba wameona watu wanafurahia kuwazia historia kwa vipande wanavyopewa, na kwamba wangependa kuacha nafasi hiyo.

Tears of the Kingdom, tarehe 12 Mei 2023, iliijaza nafasi hiyo kwa maswali zaidi. Zelda anatupwa zamani na kukutana na Rauru na Sonia, waasisi wa ufalme. Ganondorf anapiga goti mbele ya kiti cha enzi, kama Zelda mdogo alivyomwona kupitia dirisha katika Ocarina. Vinatokea vita, na jina lake ni Vita vya Kufungia. Ni mwanzo wa Hyrule tuliyoijua, au ni Hyrule nyingine iliyojengwa juu ya kifusi cha ile? Hidemaro Fujibayashi, mwongozaji wake, alipoulizwa aliacha wazi uwezekano kwamba kabla ya uasisi huo palikuwa na historia iliyoangamia. Tena safari hii wakati haukugawanyika. Zelda anageuka joka na kungoja maelfu ya miaka na upanga kichwani mpaka Link aje auchomoe, na yote yanarudi kwenye siku aliyoondoka. Filimbi ilipasua wakati. Safari ya Zelda iliukunja duara. Aliyetaka sheria moja ya safari za wakati huko Hyrule bado anaitafuta.

Echoes of Wisdom ilifuata tarehe 26 Septemba 2024, na kwa mara ya kwanza katika mfululizo mkuu Zelda mwenyewe ndiye anayetembea na kupigana karibu gemu nzima. Nintendo imeiweka katika mkondo wa shujaa aliyeanguka, kabla ya gemu ya 1986. Katika mchoro huo huo, Breath of the Wild na Tears of the Kingdom zimekaa peke yake, na hakuna mstari uliochorwa kutoka tawi lolote kuzifikia.